Mtutu wa kromu: usafi wake, mafuta yake, na mahali kromu inapokoma

Swali: Nina bunduki ya kujipakia yenyewe, inayotumia gesi, na mtutu wake umepakwa kromu ndani. Mwenzangu mmoja wa kulenga shabaha ananiambia kromu haishiki kutu wala uchafu, hivyo nipitishe kitambaa tu basi. Mwingine ananionya nisitumie kabisa brashi ya bronzi wala dawa ya kutoa shaba, eti nitaibandua kromu. Mara kwa mara napiga risasi za zamani zilizotoka kwenye akiba za kijeshi. Nisafishe vipi, na mafuta niyaweke wapi?

Jibu: Ndugu yangu, wote wawili wana chembe ya ukweli, na wote wawili watakuharibia bunduki ukiwafuata hadi mwisho. Wa kwanza yuko sahihi kwamba kromu hupunguza kazi ya kusafisha, ila anasema kana kwamba kromu imeenea bunduki nzima. Wa pili yuko sahihi kwamba mtutu unaweza kuharibiwa na mtu anayeusafisha, ila amekosea kuhusu kinachouharibu. Kromu hulinda pale tu ilipo. Kwa hiyo njia ya risasi isafishe kwa kiasi, na bidii yako uipeleke kule ambako kromu haikufika: mdomo wa mtutu, tundu la gesi (kitundu mtutuni kinachotoa gesi ya kuendesha silaha), uso wa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), sehemu zote ambazo moshi wa baruti hupita. Na kwa kuwa unapiga risasi za akiba za zamani, jambo la chumvi ambayo risasi hizo huacha lina uzito kuliko mengine yote uliyoniuliza, nami nitakaa nalo muda mrefu.

Kabla ya yote, toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, kisha hakikisha kwa kidole. Fanya hivyo hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyeiweka bunduki tupu. Risasi zote ziondoke mezani, na ikiwezekana ziondoke chumbani. Vaa miwani, maana matone ya dawa huruka na springi hufyatuka. Fungua madirisha. Masizi ya risasi za kisasa yana madini ya risasi yenye sumu, kwa sababu fataki nyingi (vile vikofia vya kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti) zimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini hayo, kwa hiyo vaa glavu, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Petroli isikaribie meza hiyo. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Sasa tuseme kuhusu kromu yenyewe. Inayotiwa ndani ya mtutu ni kromu ngumu, inayowekwa kwa umeme ndani ya mchanganyiko wenye asidi ya kromi. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell C huwa takriban 65 hadi 70, wakati chuma cha mtutu wenyewe kwa kawaida hakivuki 30 na ushei. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,907 za Selsiasi, mamia ya nyuzi juu ya chuma. Hiyo ndiyo sababu hustahimili mwale wa baruti pale mbele ya chemba, mahali ambapo mitutu huanza kuliwa. Tena uso wake ni wa kuteleza: ganda la risasi hutoka kwenye chemba bila kung'ang'ania, na masizi hayashiki kwa nguvu.

Majeshi yaligundua faida hizi mapema. Wajapani walitia kromu kwenye mitutu ya Arisaka Aina ya 99, bunduki iliyopitishwa mwaka 1939. Wasovieti waliifanya kromu kuwa kawaida kwenye silaha zao za baada ya vita, na hiyo ni sehemu ya sifa ya AK, bunduki ya Kalashnikov, ya kustahimili mazingira magumu. Marekani walikuwa wanaijua kromu, hata M14 yao ilikuwa nayo, lakini M16 za kwanza zilipelekwa Vietnam zikiwa na chemba ya chuma kitupu. Baruti ilikuwa imebadilishwa, askari wengi hawakuwa na vifaa vya kusafishia, na ilikuwa imeenea dhana kwamba silaha ile haihitaji kusafishwa. Chemba zikaliwa na kutu katika unyevu ule, makovu ya kutu yakashika maganda, na bunduki zikakwama mikononi mwa watu waliokuwa vitani. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti mwezi Oktoba 1967, na mwaka huohuo chemba za kromu zikaanza kutiwa. Baadaye kromu ikaenea njia nzima ya risasi. Naikumbusha habari hii kwa sababu dhana ya bunduki isiyohitaji usafi bado inazunguka, na sasa imejificha nyuma ya kromu.

Upungufu wa kromu ni huu. Tabaka lake ni jembamba mno, sehemu chache za mia za milimita. Ni ngumu lakini haipindiki, na kwa asili yake huwa na mipasuko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Kadiri mtutu unavyopashwa moto na kupoa, mipasuko hiyo hupanuka, hasa mbele ya chemba, na siku moja kipande hubanduka. Kikishabanduka, gesi moto huingia kwenye chuma cha chini na kukila kwa kasi. Hakuna dawa ya kusafishia inayorudisha kipande hicho. Kinachochelewesha siku hiyo ni kuuacha mtutu upoe kati ya mfululizo mmoja wa risasi na mwingine. Kwa upande huo, mpigaji anaamua maisha ya kromu kuliko msafishaji.

Kisha kuna mahali ambapo kromu haipo kabisa. Tundu la gesi mara nyingi hutobolewa baada ya mtutu kupakwa, kwa hiyo kuta zake ni chuma kitupu. Mdomo wa mtutu ukikatwa au kusawazishwa upya, au ukichongewa hesi, chuma hubaki wazi. Uso wa bolti, kikucha kinachochomoa ganda, kitalu cha gesi, bomba la gesi na kizuia mwale vyote hupokea moshi uleule, na vingi havina kromu. Kwenye AK pistoni ya gesi ina kromu. Kwenye silaha za ukoo wa M16 ndani ya kibebea bolti mna kromu. Mengine yaliyobaki yanakutegemea wewe.

Sasa risasi zako za akiba. Fataki za zamani, hasa za majeshi mengi ya karne ya 20, zilitumia potasiamu kloreti. Ikiungua huacha potasiamu kloridi, ambayo ni chumvi, jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu wenye chumvi hula chuma kwa saa, haungojei wiki. Katika hewa yenye unyevu mwingi unaweza kuiona kutu ya rangi ya chungwa asubuhi iliyofuata. Ndani ya njia ya risasi kromu itakukinga kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo watu hudanganyika: wanachungulia mtutuni, wanaona unang'aa, wanarudisha bunduki kabatini. Wakati huohuo chumvi imekaa ndani ya tundu la gesi, nyuma ya pistoni, chini ya kikucha cha bolti na kwenye hesi za mdomo. Bunduki nyingi za kromu zilizoharibika zina hali hiyohiyo: njia ya risasi nzuri kabisa, na mfumo wa gesi umeliwa mpaka silaha haijipakii tena.

Chumvi huyeyuka kwenye maji. Haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka mafuta ya bunduki juu ya chumvi umeifunika tu, nayo itaendelea na kazi yake chini kwa chini. Dawa nyingi za kisasa za kuyeyusha masizi zina msingi wa petroli au mafuta, nazo haziiondoi. Kinachoiondoa ni maji, na maji ya moto ni bora zaidi: katika nyuzi 20, gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 34 za potasiamu kloridi; yakikaribia kuchemka hubeba zaidi ya gramu 55. Faida ya pili ya maji ya moto ni kwamba hupasha chuma, na chuma chenye joto hujikausha chenyewe.

Wapo wanaoapa kwa dawa za kusafisha vioo zenye amonia, wakisema amonia huizima chumvi. Haiizimi. Kloridi si asidi hata ipatiwe cha kuizima, na kazi yote pale hufanywa na maji yaliyomo kwenye dawa. Hakuna ubaya kuitumia, lakini maji ya moto yenye tone la sabuni hufanya vilevile na zaidi. Mafuta ya aina ya Ballistol, ambayo huchanganyika na maji, nayo yanafaa: mchanganyiko wake hubeba chumvi, kisha maji yakikauka huacha utando wa mafuta.

Namna ninavyopendekeza ufanye ni hii. Siku hiyohiyo uliyopiga, kabla hujalala, fungua bunduki. Tenga bolti, pistoni na bomba la gesi, na kizuia mwale kama kinafunguka. Toa kitako cha mbao au vifuniko vya mbao vinavyotoka, maana maji na mbao havipatani. Elekeza mdomo wa mtutu chini, weka faneli ndogo upande wa chemba, kisha mimina maji ya moto taratibu, nusu lita hadi lita moja, ukihakikisha mengine yanatokea kwenye tundu la gesi. Chovya bolti na pistoni kwenye bakuli la maji hayohayo ya moto, uzisugue kwa mswaki wa zamani, hasa uso wa bolti na chini ya kikucha. Kunguta, futa, pitisha vitambaa vikavu mtutuni mpaka kitambaa kitoke kikavu, na uache vyote vipigwe na hewa. Ukiwa na hewa ya mgandamizo, ipulize kwenye tundu la gesi na kwenye mashimo ya pini. Baada ya hapo ndipo usafi wa kawaida na mafuta vifuate. Kesho yake fungua tena uangalie. Ukiona vumbi la rangi ya chungwa mahali popote, rudia maji. Hapo kuna chumvi uliyoiacha.

Kama hujui risasi zako ni za aina gani, zichukulie kuwa za chumvi. Maandishi ya kopo hayatoshi kila mara, na dakika kumi za maji ya moto haziharibu bunduki iliyokaushwa vizuri.

Upande wa usafi wa kawaida, ule wa masizi na shaba, mambo ni mepesi zaidi. Masizi hutoka kwa baruti. Shaba hutoka kwenye koti la risasi, linalosuguana na mifereji ya mtutu. Kwenye mtutu wa kromu shaba hujikusanya kidogo kuliko kwenye chuma kitupu. Lowesha kitambaa kwa kiyeyusho, kipitishe, subiri dakika kumi au kumi na tano dawa ifanye kazi, kisha pitisha brashi ya bronzi mara kadhaa na umalize kwa vitambaa vikavu. Kitambaa kikitoka cha kijivu hafifu, acha. Kukimbizana na kitambaa cheupe kabisa ni kupoteza vitambaa, na ni kuuzidishia mtutu misuguano usiyouhitaji.

Hofu ya rafiki yako kuhusu brashi ya bronzi haina msingi. Bronzi ni laini mno kuliko kromu. Katika kusuguana kwao, kinacholika ni brashi. Kinachokwaruza ni brashi za waya wa chuma, zikiwemo za chuma cha pua, na hizo usiziingize mtutuni hata siku moja. Vilevile usifunge brashi kwenye drili ya umeme, na usitumie unga wa kusagia wala sabuni za kukwaruzia. Mtutu wa mashindano uliosawazishwa kwa mkono huweza kuvumilia dawa za kusugua mikononi mwa fundi. Tabaka la sehemu chache za mia za milimita halina cha kutoa.

Brashi ikiingia, ipite mpaka itokeze upande wa pili ndipo uirudishe. Kuigeuza katikati ya mtutu huikunja nywele zake na kuikwamisha. Na ukitumia dawa yenye amonia, isuuze brashi mara umalizapo, kwa sababu amonia huila bronzi. Ndiyo maana watu wengine huona rangi ya buluu kwenye kitambaa bila kukoma na kudhani mtutu umejaa shaba, kumbe ni brashi yao inayoyeyuka. Kwa kazi ya shaba tumia brashi ya nailoni, na kishikio cha kitambaa kisicho cha shaba ya njano.

Dawa za amonia zenyewe haziibandui kromu iliyo nzima, kama ukifuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Shida huja mtu anapoiacha dawa kali ilale mtutuni usiku mzima. Chuma kilicho wazi kwenye tundu la gesi, au chini ya kromu iliyokwisha kubanduka, kinaweza kuchimbika. Kwa hiyo iweke dakika zilizoagizwa, itoe, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Dawa mbili za kampuni tofauti usizichanganye ndani ya mtutu mmoja. Kwa bunduki kama yako, dawa ya shaba unaihitaji kwa nadra: risasi zikianza kutawanyika kwenye shabaha kuliko zamani, au ukiona michirizi ya rangi ya shaba mdomoni. Hakuna haja ya kuifanya ibada ya kila wiki.

Kinachoharibu mitutu kwa kweli ni ufito wa kusafishia. Ukingo wa mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla ya kuruka, na ukiwa umelika upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Ufito unaosuguana na ukingo huo kila wiki kwa miaka huuchonga, nao huwa umebeba mchanga na masizi uliyoyaokota. Safisha kutoka upande wa chemba kila silaha inapokuruhusu. Zile zisizoruhusu, kama AK na jamaa zake, zina kifuniko kidogo kwenye kopo la vifaa vyake ambacho huvalishwa mdomoni na kuushika ufito katikati. Watu wengi hukitupa bila kujua kazi yake. Tumia ufito wa kipande kimoja ukiweza, ule wa kuungaunga una viungo vinavyokwaruza. Ufute kwa kitambaa kila unapotoka. Kamba ya kuvuta yenye brashi ndani yake ni nzuri kwa safari, ila ifue, na ivute ikiwa imenyooka, usiipindishe ukingoni.

Chemba nayo isisahauliwe. Brashi yake ni nene kuliko ya mtutu, na huzungushwa kwa mkono, haisukumwi na kuvutwa. Wanaotumia maganda ya chuma wanaihitaji zaidi. Inasemekana vanishi ya maganda hayo huyeyuka na kuganda chembani. Sababu iliyo ya kweli zaidi ni kwamba ganda la chuma halitanuki na kuziba chemba vizuri kama la shaba ya njano, hivyo masizi hurudi nyuma na kujipanga ukutani. Kisha mtu akiingiza ganda la shaba ya njano, hilo hutanuka likajibana kwenye masizi, na kutoka inakuwa tabu. Brashi ya chemba, kiyeyusho kidogo, kitambaa kikavu, basi.

Kwenye bolti, ondoa masizi meusi yaliyokwama nyuma ya meno ya kufungia na kwenye mkia wake. Yaliyo magumu yaloweshe kwa dawa ya masizi usiku mmoja badala ya kuyachokonoa kwa bisibisi. Utando mwembamba mweusi ukibaki kwenye mkia haudhuru kitu. Tundu la gesi nalo lisichokonolewe kwa drili wala msumari, kwa sababu ukilipanua kidogo tu umebadilisha kiasi cha gesi kinachoendesha silaha nzima. Gesi yenyewe hulisafisha kila risasi inapopita.

Mafuta sasa. Kosa linalojirudia mno ni kudhani kwamba mengi ni bora. Kuna sehemu zinazotaka mafuta na kuna sehemu ambazo mafuta huzidhuru, na ukizijua kwa sababu zake hutahitaji kukariri.

Mtutu na chemba viwe vikavu wakati wa kupiga. Mafuta mengi mtutuni huweza kupandisha mgandamizo, na hata yakiwa machache risasi ya kwanza huenda kando na zile zinazofuata. Chembani ni hatari ya aina nyingine: ganda linapolipuka hujishikilia kwenye kuta za chemba na kupunguza kishindo kinachorudi kwenye bolti, lakini chemba ikiwa na mafuta ganda huteleza, na bolti na meno yake hubeba mzigo wote. Kwa hiyo kabla ya kwenda kupiga, pitisha kitambaa kikavu mara mbili na uzungushe kingine chembani.

Pistoni na bomba la gesi viwe vikavu vilevile. Mafuta yakiwekwa pale huungua na kugeuka masizi magumu, kwa hiyo unajitengenezea kazi. Baada ya kuosha chumvi unaweza kuvifuta kwa kitambaa chenye mafuta ili visishike kutu kabatini, lakini vifute tena siku ya kupiga.

Pini inayogonga fataki, na njia inamopita, hutaka utando mdogo kabisa au kukauka. Mafuta mazito humo huganda yakichanganyika na vumbi, na kwenye baridi kali huifanya pini iende polepole na kuigonga fataki bila nguvu. Kwenye silaha ambazo pini haina springi ya kuirudisha, uchafu unaoikwamisha ikiwa mbele ni hatari kabisa, kwa sababu inaweza kulipua risasi bolti inapofunga kabla hujagusa kifyatulio. Isukume kwa kidole: ikisikika ikicheza huru unapotikisa bolti, iko sawa.

Magazini iwe kavu ndani. Mafuta humo hukusanya mchanga, na yakipata njia ya kupenya kwenye fataki za risasi, risasi zinaweza kugoma.

Pale chuma kinaposuguana na chuma ndipo mafuta yanapotakiwa: reli ambazo kibebea bolti hupita, meno ya kufungia na nyuma yake, pini inayozungusha bolti, na ukingo wa nyundo pale kibebea kinapoipita. Ukitaka kujua bunduki yako inataka wapi, tazama mahali ambapo rangi yake imelika ikang'aa. Pale penye kung'aa ndipo penye msuguano. Tone moja kwenye kila mahali, lisambazwe kwa kidole, latosha. Kifyatulio kinatosheka na tone dogo kwenye kila pini. Grisi nyepesi inafaa kwenye reli na meno kwa sababu hukaa. Mafuta mepesi hukimbia yakipata joto, kwa hiyo huongezwa mara nyingi zaidi.

Silaha hazifanani katika hili. Zile za ukoo wa M16, ambazo gesi huingia moja kwa moja kwenye kibebea bolti, hupenda kulowana, na zikiwa chafu lakini zenye mafuta huendelea kufanya kazi kuliko zikiwa safi lakini kavu. Zile za pistoni zenye nafasi pana kati ya sehemu zake, kama AK, huvumilia mafuta kidogo sana. Kwenye vumbi jingi, punguza yale yanayoonekana nje, bakiza ya ndani, na futa mara nyingi zaidi. Kwenye baridi ya chini ya sifuri, acha grisi nzito na utumie mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa baridi.

Kuhusu aina ya mafuta, mafuta yoyote ya bunduki yanayosafisha, kulainisha na kukinga kwa pamoja yanatosha kwa mtu wa kawaida, ingawa kila moja ya kazi hizo tatu huweza kufanywa vizuri zaidi na kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pekee. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana: inyunyize baada ya maji ya moto, kwenye mashimo usiyoyafikia, kisha ifute. Kama mafuta ya kulainisha haidumu. Mafuta ya kupikia yasikaribie, kwa sababu hukauka yakawa gundi.

Bunduki ikikaa muda mrefu bila kutumika, paka utando wa mafuta mtutuni pia, licha ya kromu, ili kuilinda mipasuko yake, mdomo na tundu la gesi. Futa nje yote kwa kitambaa chenye mafuta, maana jasho la vidole lina chumvi yake. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi wala begi la sponji. Vyote viwili hufyonza unyevu na kuulaza dhidi ya chuma. Kabati liwe na vifuko vya kunyonya unyevu, na vikaushwe vikijaa. Mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, mara chache zaidi wakati wa kiangazi, itoe uitazame. Na funga alama kwenye kifyatulio, uzi mwekundu au kikaratasi, kukukumbusha kwamba mtutu una mafuta ya kufutwa kabla ya kupiga.

Ukimaliza kuifunga bunduki, ikiwa bado tupu, vuta bolti mara kadhaa usikie kama inarudi kwa nguvu yake yote, jaribu kizuizi cha usalama, na hakikisha kifyatulio kinafanya kazi huku mdomo ukielekea mahali salama. Chungulia mtutu kutoka upande wa chemba, bolti ikiwa imetolewa: kitambaa kilichosahaulika mle ndani kinatosha kupasua mtutu wowote, wenye kromu au usio nayo.

Kwa ratiba yako, basi: ukipiga risasi za akiba, maji ya moto siku hiyohiyo, bila kukosa, hata kama ulipiga moja tu. Ukipiga za kisasa zisizo na chumvi, futa bolti na reli, ongeza mafuta, na mtutu upitishe kitambaa chenye mafuta. Usafi wake kamili unaweza kungoja mpaka umepiga mia kadhaa, au mpaka shabaha ikuambie.